Rasta za chini kwa chini: matatizo ya manyoya ya chotara wa pudo hapa Dodoma

Simu nyingi ninazopigiwa mimi kinyozi wa mbwa huanza hivi: "Kaka, mbwa wangu namwogesha kila Jumamosi lakini ananuka, tena anajikuna. Nitumie shampuu gani?" Shampuu mara nyingi haina kosa lolote. Kosa ni rasta, yaani manyoya yaliyofungamana chini karibu na ngozi, hasa kwa hawa machotara wa pudo (poodle, mbwa wa manyoya ya kujikunja). Agosti iliyopita niliitwa Iyumbu kwa mama mmoja mtumishi, mmoja wa waliohamia na familia zao kutoka Dar es Salaam serikali ilipohamia huku. Nilimkuta barazani, mbwa amelala miguuni pake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita, haumi huyu. Mwangalie alivyo mzuri, sasa hiyo harufu, mh!"

Mzuri kweli. Rangi ya chai ya maziwa, kaumuka kama andazi, jina lake Biskuti. Nikatoa kitana cha chuma nikakipenyeza nyuma ya sikio. Kikaingia upana wa kucha, kikagota. Nikayagawa manyoya kwa vidole: juu laini, yamechambuka vizuri, chini yake kipande kama cha blanketi kuukuu, chekundu kwa udongo, kimeikamata ngozi pande zote. Nilipokipasua pembeni nikakuta kupe watatu wamevimba kama mbegu za nyonyo, na ngozi mbichi, bado imelowa. Aliogeshwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Mama, shampuu yako haijawahi kufika hapa," nikamwambia.

Kwa hiyo, tatizo lako liwe lolote kati ya haya ninayoyaeleza, anza na kitana. Kiwe cha chuma, si kile cha plastiki cha kuchania watoto. Kiguse ngozi kwanza, halafu kivute kuja nje. Pima nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, kwenye shina la mkia, na pale mkanda wa shingoni unapokaa. Kikigota, nusu ya jibu unayo mkononi.

Na ujue una mbwa wa namna gani. Pudo asili yake ni mbwa wa majini, wa kumfuata bata aliyepigwa risasi. Manyoya yake hukua bila kukoma kama nywele zetu, na unyoya ukikatika hauanguki sakafuni, unanaswa na wenzake. Labrado (labrador, mbwa wa manyoya mafupi) ni kinyume chake: manyoya yana kikomo, yanapukutika mwaka mzima. Ukiwachanganya hujui utapata nini. Mwaka 1989 Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza vipofu huko Victoria, Australia, alimpandisha pudo kwa labrado ili kumpatia mbwa mama mmoja wa Hawaii asiyeona, ambaye mume wake manyoya ya mbwa yalikuwa yakimdhuru. Katika watoto watatu waliozaliwa, mmoja tu ndiye aliyemfaa yule mume. Hao ndio labradudo (mtaani kwangu watoto wanasema "dudu", na mbwa wenyewe wameshazoea kuitika). Kwa hiyo ukiambiwa na muuzaji kwamba chotara huyu "hapukutishi", mtazame usoni. Mwenye ndevu na nyusi ndefu kwa kawaida hupukutisha kidogo, ila hufunga rasta haraka. Mwenye uso mtupu kama labrado atakuachia manyoya kwenye makochi, lakini kitana kitapita.

Brashi inapita, kitana hakipiti

Hizi ndizo rasta. Sababu ya kwanza ni mkono: brashi imepapasa juu juu. Sababu ya pili ni umri. Kati ya miezi sita na mwaka, wengine hadi mwaka na nusu, manyoya ya kitoto hutoka na ya kikubwa huota kwa wakati mmoja, yanasukana yenyewe. Mtu aliyekuwa akichana mara moja kwa wiki bila shida anashtukia ndani ya siku kumi mbwa amefungamana mwili mzima, anadhani amelogwa. Sababu ya tatu ni kitu kinachosugua: mkanda wa shingoni usiovuliwa usiku, mkanda wa kifuani, nguo alizovalishwa. Halafu kuna Dodoma yenyewe. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo haupumziki, hewa kavu, vumbi linaingia hadi kwenye kabati lililofungwa. Unyoya mkavu hunasa umeme, hujishika na mwenzake, vumbi linakaa katikati kama saruji.

Usimwogeshe. Hili nalirudia kila nyumba. Rasta ikilowa kisha ikakauka hujikaza kuliko mwanzo, kama kamba ya katani. Chambua kwanza, maji baadaye.

Rasta ndogo, ya ukubwa wa punje ya karanga hadi kifundo cha kidole, inaokolewa. Changanya kijiko cha kondishena na maji ya nusu lita kwenye chupa ya kupulizia, nyunyiza unyevu kidogo tu, kwa sababu unyoya mkavu wa hapa ukichanwa hivyo hivyo unakatika. Bana shina la rasta kati ya rasta na ngozi, ili ukivuta uumie wewe na si yeye. Ipasue kwa vidole vipande viwili, kila kipande vipande viwili tena, ndipo ulete brashi ya sindano, ile yenye meno membamba yaliyopinda. Anza na ncha, rudi kidogo kidogo kwenye shina.

Ukimaliza, chana mwili mzima mstari kwa mstari. Mlaze ubavu, weka kiganja kuyabana manyoya yaelekee juu, acha mstari mmoja wa ngozi uonekane, chana kutoka kwenye mstari huo kuja chini. Sogeza kiganja sentimita moja, mstari mwingine. Ni kama dada wa saluni anavyogawa nywele kabla ya kusuka. Kazi inachosha, nakubali. Kwa mwenye manyoya yaliyojikunja sana inatakiwa kila siku au siku moja baada ya nyingine. Kwa wa mawimbi, mara tatu kwa wiki.

Kama rasta zimeungana zikawa shuka moja, usimtese. Mnyoe. Nilikuwa kinyozi wa watu kabla ya kazi hii, na kosa langu la kwanza lilitokana na ujuzi wa kule: nilichukua mashine ya saluni, nikampitisha kokapuu (chotara wa pudo na koka) mmoja wa Area D dakika ishirini bila kupumzika, nikamuunguza tumbo. Meno ya mashine hupata moto. Yaguse mara kwa mara na sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono wako. Usipoyavumilia wewe, yeye ayavumilie vipi? Tumia bamba la namba 10, linaloacha kama milimita moja na nusu, lipite kati ya ngozi na rasta, si katikati ya rasta. Mkasi weka mbali kabisa. Rasta huivuta ngozi ikasimama kama hema, na mkasi hauwezi kujua wapi unyoya unaishia na ngozi inaanzia. Mbwa wengi niliowaona wameshonwa, walikatwa jikoni kwao na mtu anayewapenda.

Masikio yaliyofungamana yanahitaji tahadhari ya peke yake. Ukitoa rasta nzito kwa ghafla damu inarudi kwa kasi, mbwa anatikisa kichwa mfululizo, mishipa inapasuka na sikio linajaa damu kama puto. Nyoa taratibu, kisha mfunge kitambaa chepesi kichwani kwa saa chache, mtandio unatosha. Sikio likivimba, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Ananuka hata baada ya kuoga

Tafuta harufu inatokea wapi. Nusa kweli, usione haya.

Kama ni mwili mzima, ama rasta zimeshika maji au sabuni haikutoka. Maji yetu mengi ni ya visima, ya Mzakwe au ya kuchimba uani, na sufuria ya chai inakuonyesha yalivyo: utando mweupe chini. Sabuni ikikutana na maji hayo huacha mabaki yanayonata, vumbi linakuja kukaa hapo. Yeyusha shampuu kwenye jagi la maji kwanza ndipo umwagie, usimimine moja kwa moja mgongoni. Suuza mpaka unyoya ulie ukiuvuta kwa vidole, halafu suuza tena. Mvua zikianza Desemba, kinga pipa moja kwa ajili ya suuzo la mwisho. Wakati wa kiangazi, vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya maji vinasaidia, mradi visifike machoni wala penye kidonda.

Kukausha ndiko kunakopuuzwa. "Jua la Dodoma litamkausha," wanasema, na kweli baada ya saa moja juu pamekauka. Chini bado. Bonyeza kwa taulo, usisugue, halafu tumia draya kwa hewa ya uvuguvugu huku unachana, mpaka ngozi ionekane kavu. Ngozi iliyofungiwa unyevu hutoa kidonda chekundu chenye majimaji, kinachoweza kupanuka toka sarafu hadi kiganja kwa siku moja. Ukikikuta, nyoa pembeni yake kipate hewa, zuia asikilambe, mpeleke kwa daktari.

Kama harufu ni ya sikio au ya mdomo, shampuu haihusiki. Kama ni nyuma, tazama chini ya mkia: kinyesi hunasa kwenye manyoya, kikakauka, kikaziba kabisa. Nimemkuta maltipuu (chotara wa pudo na maltizi) ambaye wenyewe walidhani amefunga choo na wameshampa dawa ya kuharisha. Maji ya uvuguvugu, subira, na mashine. Sehemu hiyo inyolewe fupi kila mwezi, pamoja na ya mkojo.

Manyoya makavu, yanakatika kama nyasi za Septemba

Uliza anaogeshwa na nini. Sabuni ya mche na ya unga ndiyo majibu ninayopata, na mara moja moja sabuni ya mtoto. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na haina ukali wa tindikali kama yetu: ya mtu iko kwenye pH (kipimo cha tindikali, namba ikipanda tindikali inapungua) ya 5.5 hivi, ya mbwa inakaribia 7. Sabuni ya mche iko 9 hadi 10. Inang'oa mafuta yote, na hewa ya hapa inamalizia. Shampuu ya mbwa, mara moja kwa wiki tatu hadi sita, inatosha. Katikati ni kuchana tu.

Halafu kuna mafuta ya alizeti. Tuko nchi ya alizeti, Dodoma na Singida, dumu la mafuta liko kila nyumba, basi mbwa akipauka anapakwa. Asubuhi anang'aa, jioni ameshageuka tope. Mafuta na vumbi ni uji. Kama unataka kumlainisha, kondishena baada ya kuoga, kisha isuuzwe.

Kama manyoya yanapungua ubavuni kwa usawa pande zote mbili, mkia umebaki kama wa panya, mbwa ananenepa na anapenda kulala, si suala la sabuni wala kitana. Huenda ni tezi ya shingo, na inajulikana kwa kupimwa damu.

Anajikuna

Mahali anapojikuna panasema mengi. Kiunoni na shina la mkia: tafuta viroboto. Chana juu ya karatasi nyeupe, zile chembe nyeusi ziwekee tone la maji. Zikitoa rangi nyekundu ni kinyesi cha kiroboto, damu aliyoinywa. Kingo za masikio na viwiko, anajikuna mpaka usiku hamlali: fikiria upele, na wewe mwenyewe utaanza kuwashwa mikononi. Kiduara kisicho na manyoya, kingo zina magamba: mapunye, na watoto wasimkumbatie mpaka atibiwe.

Kupe wanapenda hasa chotara wa pudo kwa sababu hawaonekani. Pitisha vidole kila jioni wakati wa masika: ndani ya masikio, kati ya vidole, chini ya mkanda. Umshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa na njiti ya moto achana navyo. Baada ya kupe, mbwa akipoteza hamu ya kula, fizi zikapauka, joto likapanda juu ya nyuzi 39.5 au pua ikatoka damu, usingoje kesho.

Dawa hapa ndipo watu wanapokosea vibaya. Oili chafu ya gari kwa ajili ya upele: hapana. Ni sumu, anailamba, na kwenye manyoya marefu haitoki. Dawa ya kuogeshea ng'ombe "kidogo tu kwenye ndoo": kipimo cha ng'ombe si cha mbwa wa kilo sita, na kama amefunikwa na rasta dawa inabaki ngozini siku nzima. Sindano ya aivamektini ya mifugo, ile ya minyoo na wadudu, inaweza kumuua mbwa mwenye damu ya koli au shepadi wa Australia, mbwa wa kuchunga kondoo, na machotara wa pudo wa damu hiyo wapo. Na kama una paka, dawa ya mbwa yenye pamethrini, kiua wadudu, isimguse paka huyo kabisa.

Anatikisa kichwa, sikio linanuka

Sikio linaloning'inia, lenye manyoya hadi ndani, halipati hewa. Maji ya kuogea yakiingia, fangasi wanashangilia. Nta ya kahawia yenye harufu ya chachu, au usaha, ni ya daktari. Usimwage dawa ya matone iliyobaki ya mtoto, kwa sababu hujui kama ngoma ya sikio ni nzima. Akianza ghafla baada ya kutembea majanini, upande mmoja tu, kichwa kimeinama, kuna kitu kimeingia: mbegu ya nyasi au kupe. Kwa matunzo ya kawaida, weka pamba mlangoni mwa sikio kabla ya kuoga, ipanguse sehemu unayoiona kwa dawa ya kusafishia masikio ya mbwa. Vijiti vya pamba vinasukuma uchafu ndani. Kunyofoa manyoya ya ndani kila mwezi, wakati sikio ni zima, mimi nimeacha. Naona linachubuka bure.

Anachechemea au analamba miguu

Mbigili. Mara tisa katika kumi kiangazi ni mbigili, iliyonasa manyoya kati ya vitanga ikajizungushia fundo, kila hatua inachoma. Kishonanguo nacho kinafanya vivyo hivyo, ila kwa upole. Masika ni tope jeusi la mbuga linalokauka likawa kokoto. Nyoa manyoya ya chini ya mguu yalingane na kitanga, si zaidi, na umkague kila akirudi kutembea. Akilamba miguu yote minne na hakuna mwiba, manyoya yamegeuka kahawia, huenda ni mzio au fangasi. Mstari wa kahawia chini ya macho ni rangi ya machozi yake tu; panguse kwa maji safi kila siku, punguza nywele zinazochoma jicho. Jicho likifumba au likitoa usaha ni jambo jingine.

Tulimnyoa, sasa amekuwa wa ajabu

Manyoya yakiota kwa mabaka, hasa kwa mwenye damu nyingi ya goldeni (golden retriever) au labrado, inaweza kuchukua miezi. Hilo halina dawa ya kupaka. Kunyoa hadi ngozi "kwa sababu ya joto" hakumsaidii kama mnavyodhani: mbwa hupoa kwa kuhema, na ngozi ya waridi chini ya jua la saa saba inaungua. Acha sentimita moja hadi moja na nusu, mnyoe kila wiki sita hadi nane. Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 hivi, aliyenyolewa alale ndani.

Hataki kushikwa

Kwanza hakikisha hapana panapomuuma. Mbwa aliyevutwa rasta mara moja anakumbuka. Anza na dakika mbili, si arobaini. Chana bega, mpe kitu, acha. Kesho bega na mgongo. Paka siagi ya karanga kwenye bakuli, isiyo na zailitoli (kitu cha kutia utamu badala ya sukari) maana hiyo ni sumu kwake, akilamba wewe unachana. Na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai kabla mtu yeyote wa nje hajamgusa. Mimi naiomba getini.

Biskuti ilibidi anyolewe karibu wote, masikio yakabaki na nywele za kidole kimoja. Mama alimtazama akacheka mpaka akakaa chini, akasema kabaki mbuzi. Niliporudi baada ya wiki saba kitana kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari pembeni ya funguo za gari, na kilipita nyuma ya sikio bila kugota. Kwapa la kushoto tu ndilo lililokuwa na fundo dogo. Mama akaniambia pale huwa hamfikii vizuri, maana mbwa akilazwa ubavu wa kulia anasinzia juu ya mkono wake.